Jibu: Jarida la barua pepe limegota, nilipie tangazo?

Mkuu, usilipe kwanza. Umesema jarida lako la wafanyabiashara wa samaki hapa Mwanza limegota kwenye wasomaji 60. Nimesoma matoleo mawili uliyobandika: yote yanaanza na "Tunapenda kuwajulisha", kisha aya tatu za safari yako. Mama anayepanga magunia ya dagaa soko la samaki la Kirumba Mwaloni alfajiri hana muda huo.

La kwangu la kwanza lilikufa hivyohivyo. La pili nilienda Mwaloni na daftari, nikakaa benchi la mama ntilie, nikaandika maswali ya watu kama yalivyotoka mdomoni. Lililojirudia: "Giza linaanza lini?" Si unajua dagaa huvuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapaki na mzigo unaadimika. Basi toleo lililofuata nikaweka kalenda ya siku za giza, nani anahitaji mzigo na wa kupeleka wapi. Hakuna kingine. Kichwa cha barua kikawa "Giza linaanza Jumanne" badala ya "Toleo la 14". Watu wakaanza kutumiana wenyewe, wengi wakipiga picha ya skrini na kuirusha WhatsApp, kwa hiyo anwani ya kujiunga iandike juu kabisa, ionekane kwenye picha.

Mwishoni uliza swali moja tu: "Wiki hii umekwama wapi?" Wakijibu hata watatu, toleo lijalo unalo tayari.

Zile picha ulizoweka za machweo Bismarck Rock, ule mwamba wa ziwani, ni nzuri, ila zinakula bando la watu.