Mshumaa wa nta ya nyuki unaozimika wenyewe: usilaumu nta, tazama utambi

Dada uliyeuliza kuhusu nta ya Kitui, nimelisoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Umesema shangazi yako alikununulia nta huko nyumbani, ukaiyeyusha, ukaimimina kwenye glasi pana za jemu na kutumia uzi ule mwembamba wa mishumaa ya dukani. Sasa ukiwasha, mshumaa unachimba shimo katikati, moto unazama na kuzimika, huku nta ya pembeni haijaguswa. Wengi hapa wanasema shangazi aliuziwa nta iliyochanganywa. Mimi ningeanza kwingine. Utambi wako ni mwembamba mno.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Parafini, ambayo ndiyo mishumaa ya kawaida, nyingi huyeyuka chini ya hapo, na ikishayeyuka ni nyepesi, inapanda utambi mbiombio. Ya nyuki ni nzito na inapanda kwa uvivu. Ukiipa utambi wa parafini, moto unakuwa mdogo, joto halifiki pembeni, na nta kidogo iliyoyeyuka inaufunika utambi wenyewe. Shimo unaloliona ni hilo tu. Glasi pana ndiyo inazidisha. Kwa kuanzia, tumia chombo ambacho upana wake hauzidi sentimita 5.

Utambi mimi hujitengenezea kwa tambi za stovu ya mafuta taa, zile zinazouzwa vibandani na sokoni Gikomba, Nairobi. Ule mzima ni mnene kupita kiasi, kwa hiyo naufumua nyuzi moja moja. Kabla ya lolote, washa uzi mmoja kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka ukilipuliza. Ukiona uzi unajikunja na kuacha kitone cheusi kigumu, hiyo si pamba tupu, na haifai mshumaa. Pamba ikithibitika, suka nyuzi kwa mafungu matatu kama unavyosuka nywele, msuko ulale bapa. Usisokote tu ukaita utambi. Msuko bapa ukiwaka huinama upande, ncha inatoka nje kidogo ya moto na kuungua yenyewe, kwa hiyo hauachi kichwa cheusi kinachotoa moshi. Kisha uzamishe kwenye nta ya moto. Utaona viputo vinapanda, hiyo ni hewa inayotoka kwenye pamba. Viputo vikiisha, utoe, uvute unyooke na uuache ugande juu ya karatasi.

Unene gani? Hapo hakuna jedwali litakalokusaidia, maana nyuzi za stovu hazifanani. Mimina vimshumaa vitatu kwenye mikebe inayolingana: kimoja kwa msuko mwembamba, cha pili wa wastani, cha tatu mnene. Kata tambi zibaki kama milimita 6 juu ya nta, viwashe pamoja, uendelee na kazi zako lakini usitoke nyumbani. Baada ya saa moja au mbili, tazama. Kile ambacho dimbwi la nta limekaribia ukingo, na moto wake umetulia, ndicho chenye utambi sahihi. Moto ukiwa mrefu, unachezacheza na kutoa masizi, utambi huo ni mnene mno. Andika idadi ya nyuzi mahali, vinginevyo utaanza upya kila ukibadilisha mkebe.

Sababu ya pili ni uchafu, na hapa nta ya mizinga ya magogo ina sifa yake. Masega ya zamani yaliyolelewa majana (watoto wa nyuki) huwa na vijiganda, chavua na gundi ya nyuki, na vitu hivyo huziba utambi hata ukiwa mnene sawasawa. Iyeyushe tena ndani ya maji, maji mbili kwa nta moja hivi, uichuje kwa kitambaa cha pamba au soksi ndefu ya nailoni, kisha uifunike sufuria kwa blanketi ipoe polepole mpaka asubuhi. Uchafu utashuka na kugandia chini ya donge. Ukwangue kwa kisu. Ikibidi rudia. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nyingi huifanya nta iwe kama sifongo. Na kama masega bado yana asali, kazi hiyo ifanye usiku na madirisha yamefungwa. Mchana nyuki wataipata harufu, na ukiwa kwenye ploti utakuwa na kesi na majirani wote.

Kuyeyusha: sufuria ndani ya sufuria yenye maji, kamwe usiweke nta moja kwa moja juu ya gesi. Nairobi iko juu, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, lakini hata hilo ni joto jingi. Nta ikipita 85 inaanza kupoteza rangi na harufu yake nzuri, kwa hiyo maji yawe ya moto tu, yasifike kuchemka. Sufuria iwe ya alumini au chuma kisichoshika kutu. Shaba na chuma cha kawaida huitia nta rangi mbaya. Ikishika moto, funika kwa mfuniko na uzime gesi. Usimwagie maji. Na usioshee sufuria kwenye sinki, utaita fundi wa mabomba.

Binafsi siipendi glasi. Nta ya nyuki hunywea ikipoa, inaachana na glasi na mara nyingine kupasuka juu. Afadhali uchovye. Tafuta mkebe mwembamba mrefu (mafundi wa Kamukunji watakuungia hata wa mabati), ujaze nta ya nyuzi 70 hivi, ning'iniza utambi mmoja kwenye kijiti uwe na ncha mbili, zamisha na utoe bila kukawia, ngoja upoe, rudia. Ukikawia ndani, nta ya moto inaramba ile uliyokwisha kuipaka. Ubaya wake ni kwamba mkebe lazima ujae, hata kama unataka mishumaa miwili tu.

Kama bado una wasiwasi na nta ya shangazi, vunja kipande: halisi huvunjika kwa chengachenga, isiyong'aa. Kikande vidoleni, kitalainika bila kuteleza. Kitafune, hakitanata menoni. Yenye parafini nyingi huteleza kama sabuni na huonekana kama kioo chenye ukungu.

Kuhusu yule aliyesema mishumaa hii inasafisha hewa ya nyumba, sikubaliani. Moto ni moto, unatumia oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi, uwe wa nyuki au wa parafini. Fungua dirisha kidogo. Na ukitaka kuuza, usishindane na mshumaa wa kibandani wa kuwashwa stima ikipotea, bei yake hutaiweza. Tafuta wanaotaka zawadi, au kanisa.

Hizo glasi ulizonazo usizitupe. Ziweke kwenye maji ya uvuguvugu uyapashe polepole, nta itoke, utoe tambi za zamani na uanze upya. Machicha yatakayobaki kwenye kitambaa yakaushe, yanawasha jiko la makaa kuliko karatasi.