Pesa za CDBG: nenda kikaoni kabla fomu haijatoka

Kila mwaka tangazo la maombi ya CDBG (Community Development Block Grant), yaani ruzuku ya maendeleo ya jamii, likitoka, simu yangu haitulii. Viongozi wa vyama vya Wakongo, Warundi na Wakenya huku Ohio huniuliza swali moja tu: ndugu, hii fomu tunaijazaje? Kujaza fomu nitawasaidia, hilo si tatizo. Lakini nimekaa kwenye kamati ya wananchi inayosoma maombi na kuishauri halmashauri ya jiji, na ninachowaambia ni hiki: fomu inapotoka, sehemu kubwa ya pesa imeshapangiwa kazi.

Tuanze na pesa zenyewe. CDBG ni ruzuku ya serikali kuu ya Marekani iliyoanzishwa kwa sheria aliyotia saini Rais Gerald Ford mwaka 1974. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, wenyewe wanaiita HUD, hugawia miji kwa kanuni inayopima mambo kama idadi ya watu, umaskini, msongamano ndani ya nyumba na uchakavu wa majengo. Jiji ndilo linaloamua kipi kifanywe, lakini ndani ya mipaka. Angalau asilimia 70 ya pesa lazima iwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati, yaani familia ambazo kipato chao hakizidi asilimia 80 ya kile cha familia iliyo katikati kabisa katika eneo lao, nusu wakiipita na nusu wakiwa chini yake. Utawala na mipango haviruhusiwi kuvuka asilimia 20. Na huduma kwa watu, yaani madarasa ya Kiingereza, vijana baada ya shule, usafiri wa wazee, kwa kawaida zina kikomo cha asilimia 15.

Hiyo asilimia 15 ndiyo inayotuumiza. Chukua jiji linalopata dola milioni 2: huduma zote za jiji zima zinagombania dola 300,000. Humo mna benki za chakula, makazi ya wasio na nyumba na mashirika yenye wahasibu na miaka thelathini ya kuzoeana na maofisa. Halafu sisi tunaingia na ombi la darasa la kompyuta. Wakati huohuo, kwenye ukarabati wa nyumba, mabomba, njia za waenda kwa miguu na majengo ya jamii kuna pesa nyingi zaidi na wagombea wachache, na sisi hatuonekani kabisa. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapojinyima wenyewe. Nyumba nyingi tunazopanga zilijengwa kabla ya 1978, rangi yake huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, watoto wetu wanatambaa humo, na hakuna anayesimama kulisema mbele ya jiji.

Mahali pa kulisema ni kikaoni. Jiji huandika mpango mkuu wa miaka 3 hadi 5, kisha mpango wa kila mwaka, na ombi lisiloendana na vipaumbele vya mpango huo halifiki mbali. Kanuni zinataka vikao vya hadhara visivyopungua viwili kwa mwaka, na rasimu ikae wazi kwa maoni kwa muda usiopungua siku 30. Ukienda utakuta birika la kahawa, viti vitupu, maofisa wawili watatu, na wazee wachache wa mtaa fulani wanaolalamikia njia iliyopasuka. Wale wazee wanaandikwa. Maneno yao yanaingia kwenye kiambatisho cha mpango, na ofisa akiulizwa kwa nini mtaa ule umepewa kipaumbele, ana cha kuonyesha.

Mkalimani ombeni mapema, kwa maandishi. Jiji linatakiwa kujipanga pale linapotarajia watu wengi wasiojua Kiingereza, na barua yenu ndiyo inayolifanya litarajie. Mkipewa kipaza sauti, achaneni na "tunaomba mtusaidie jamii yetu". Taja mtaa, taja jengo, sema familia ya watu wanane inaishi vyumba viwili na bomba la jikoni limeoza.

Sasa, mkipata pesa, jiandaeni kwa mambo mawili. La kwanza ni kipato. Kuwa mkimbizi peke yake hakukuingizi kwenye kundi linalohesabiwa moja kwa moja kuwa la kipato cha chini, kama walivyo wazee au watu wenye ulemavu mkubwa. Kwa kawaida kila familia hujaza karatasi ya kipato chake. Baba mmoja alishika kalamu, akaitazama ile karatasi, akaniuliza, "Mwalimu, nikiandika mshahara hapa, hawatanikata stempu za chakula?" yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula. Mwelezeni mtu kwa Kiswahili karatasi inakwenda wapi kabla hamjamwomba saini. Na hesabuni watu wote wanaoishi pamoja, bibi na mpwa wakiwemo, kwa sababu kikomo cha kipato hupanda kadiri familia inavyokuwa kubwa.

La pili ni kwamba kwa kawaida mnatumia kwanza, jiji linawarudishia baadaye. Malipo ya mwalimu yanahitaji karatasi ya saa zenye saini. Pesa mliyompa mtu mkononi baada ya ibada, bila risiti, imekwenda. Chama kisicho na akiba ya miezi michache kianze kwa kushirikiana na shirika kubwa, kwa mkataba ulioandikwa. Heshima ya mdomo haitoshi.

Mwaka wa ruzuku ukiisha, jiji lina siku 90 kutuma ripoti ya matumizi, na kabla ya hapo wananchi hupewa angalau siku 15 kuisoma. Isomeni. Siku 60 kabla ya mwaka huo kwisha, jiji halitakiwi kuwa na pesa ambazo hazijatumika zinazozidi mara moja na nusu ya ruzuku yake ya mwaka, kwa hiyo lililochelewa kutumia huanza kutafuta miradi iliyo tayari. Mwenye makadirio ya fundi, hesabu zilizokaguliwa na barua ya mwenye jengo ndiye atakayepigiwa simu.