Nyie mnaoanza kuchambua besiboli: timu ikishinda kuliko hesabu, usikimbilie kuandika sababu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya takwimu za michezo, hasa nyie mliokuja huku Marekani mkaangukia kwenye besiboli wakati mmekulia mpira wa miguu kama mimi, kuna kitu kimoja kilinichukua karibu misimu miwili kukielewa na sitaki kiwachukue nyie muda wote huo. Ukikuta timu imeshinda mechi nyingi kuliko hesabu ilivyotarajia, au chache, usianze na sababu. Anza kulifungua hilo pengo uone ndani mna nini, maana mara nyingi sehemu kubwa ya ndani ni bahati tupu na bahati haina stori.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Rani ndio pointi ya besiboli, mchezaji akizunguka besi zote akarudi nyumbani timu imepata rani moja. Mpira wa miguu tuna tofauti ya magoli kwenye msimamo, na kila mtu anajua timu yenye tofauti nzuri ndio timu nzuri, huku wameenda hatua moja mbele wakaigeuza iwe idadi ya ushindi. Unachukua rani timu ilizopata msimu mzima unaweka kipeo cha pili, unachukua ilizofungwa nazo kipeo cha pili, halafu kipeo cha zile ilizopata unakigawa kwa jumla ya vipeo vyote viwili. Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli, ndiye aliyeileta, na inaitwa ya Pithagorasi kwa sababu ya hivyo vipeo vya pili tu, pembetatu haihusiki. Siku hizi wengi wanatumia 1.83 badala ya 2 kwa sababu inakaa karibu zaidi na matokeo halisi, lakini kwa kujifunza shika 2, unafanya hata kwenye kalkuleta ya simu ukiwa kwenye basi.

Tufanye moja. Baltimore Orioles wa 2012 walipata rani 712, wakafungwa 705. Vipeo vya pili ni 506,944 na 497,025, jumla 1,003,969. Ukigawa unapata 0.505, zidisha kwa mechi 162 za msimu unapata kama 82. Yaani timu ya kati kabisa, nusu kwa nusu. Wao walishinda 93 wakaenda mpaka pleiofu, yaani mtoano wa baada ya msimu. Ushindi 11 umetoka wapi?

Timu hiyo ndiyo niliyopewa kwenye ripoti yangu ya kwanza kabisa. Nikaandika kurasa sita. Nikasema ni meneja, Buck Showalter, anajua kupanga watu dakika za presha, nikasema ni klosa wao Jim Johnson, yule pitcha (mrusha mpira) anayeletwa mwishoni kulinda ushindi, ambaye mwaka ule alilinda ushindi wa mechi 51. Nilikuwa na michoro, nilikuwa na nukuu za magazetini, niliiamini kwa moyo wote. Mkuu wangu akaisoma yote, hakubisha hata neno, akaniuliza tu mechi zao zilizoamuliwa kwa rani moja zilikuwa ngapi. Nikaenda kuhesabu: 38, walishinda 29 wakapoteza 9. Na kwenye ekstra iningi, yaani vipindi vya nyongeza mechi ikiwa sare, walikuwa 16 kwa 2, ushindi 16 na kupoteza 2.

Akaniambia fungua spredishiti, tengeneza safu mlalo 900, kila moja irushe sarafu mara 38. Kwa nini 900? Timu 30 mara miaka 30. Nafasi ya sarafu kutoa vichwa 29 au zaidi kati ya 38 ni karibu moja kwenye elfu, ukiiangalia hivyo unasema haiwezekani, lakini ligi yenye timu 30 kila mwaka inarusha hiyo bahati nasibu mara 30, na miaka inaenda. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, mara ya tatu safu moja huko katikati ikaja na 29. Ile safu haikuwa na meneja, haikuwa na klosa, haikuwa na roho ya ushindi wala chochote, ni sarafu za kompyuta.

Halafu akasema sasa fungua 2013. Meneja yuleyule, klosa yuleyule, na mwaka huo Johnson alilinda ushindi wa mechi 50. Mechi za rani moja: 20 kwa 31. Na kitu kilichonikaa mpaka leo ni hiki, mwaka 2012 walikuwa na ziada ya rani 7 wakashinda 93, mwaka 2013 wakapata 745 wakafungwa 709, ziada ya 36, timu bora kabisa kuliko ile ya mwanzo, wakashinda 85. Piga hesabu yao uone inakupa ngapi. Inakupa 85.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ukiona pengo, angalia rekodi ya mechi za rani moja. Mechi kama hiyo ni mpira mmoja umegonga ukuta badala ya kuvuka, ni refa ameita straiki, yaani amemhesabia mpigaji kosa, kwa mpira uliokuwa pembeni kidogo. Na ukubwa wa pengo nao uwe na kipimo kichwani, kwa kawaida linachezacheza kama ushindi 4 juu au chini, kwa hiyo timu yenye pengo la 3 hebu iache ipumzike, hakuna cha kuandika hapo. Na kwenye timu 30 tegemea kila mwaka moja au mbili zifike 8 au zaidi bila uchawi wowote.

Sasa kuna watakaowaambia ni bulpeni, yaani wale mapitcha wa kuingia baadaye. Na hapa sitaki mtoke mkidhani hakuna ukweli, upo. Timu yenye watu wawili watatu wakali wa mwisho inalinda ushindi mwembamba, halafu ikishapigwa 8 kwa 2 meneja anawaleta wale dhaifu wamalize mchezo, wanafungwa tano zingine, zile tano zinaharibu hesabu ya rani lakini mechi ilishapotea zamani. Hiyo ni kweli na inaweza kukupa ushindi mmoja, labda miwili. Haikupi 11. Mwangalie San Diego Padres 2023, walikuwa na Josh Hader, mmoja wa maklosa bora kabisa duniani, na mwaka huo alikuwa moto kwelikweli. Rani 752 kwa 648, hesabu inasema ushindi 92 mpaka 93, wakaishia 82 na pleiofu wakaiona kwenye TV. Mechi za rani moja 9 kwa 23. Ekstra iningi 2 kwa 12. Mwaka uliofuata Hader kaondoka, Juan Soto, mpigaji wao nyota, kaondoka, wakashinda 93.

Kitu kingine ambacho wanaoanza wanakisahau ni kipigo kikubwa, na huu mfano naupenda sana. Tarehe 22 Agosti 2007 Texas Rangers walikuwa Baltimore, wakaanza kwa kufungwa 3 kwa 0, wakamaliza wameshinda 30 kwa 3. Thelathini! Tangu 1897 hakuna timu iliyokuwa imefikisha rani 30 kwenye mechi moja. Msimu mzima Rangers walipata 816 wakafungwa 844, kwa kipeo cha 1.83 hesabu inawapa karibu 78 na nusu, wao walishinda 75. Utasema wana bahati mbaya ya mechi tatu na zaidi. Sasa itoe ile mechi moja, halafu ukokotoe mechi 161 zilizobaki: inakuja kama 75 na nusu. Ongeza ushindi wa siku ile, 76 na nusu. Zaidi ya nusu ya hiyo "bahati mbaya" ilikuwa ni mechi moja ambayo rani 27 za ziada zilinunua ushindi uleule mmoja ambao rani moja ingeununua. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote panga mechi kwa tofauti ya rani, uone mkia, yaani zile mechi chache za vipigo vikubwa, unavuta kiasi gani.

Na msidhani rani zenyewe ni safi. Timu ikipata hiti tisa, yaani mipigo tisa inayomfikisha mpigaji kwenye besi, zikiwa moja kila iningi inaweza isipate hata rani moja, zikija zote iningi moja ni sherehe. Ndio maana kuna wanaoshuka ngazi moja zaidi, wanakadiria rani kutoka kwenye hiti, homurani (mpigo unaovuka ukuta) na besi za bure (pitcha akirusha vibaya mpigaji anapewa besi), halafu ndio wanakadiria ushindi, na tovuti ya Baseball Prospectus wanashuka mpaka kuangalia na ugumu wa wapinzani. Kwenye hili sitakaa sana, mkishazoea ngazi ya kwanza mtafika wenyewe.

Ninapotaka mkae ni Julai. Julai ndio mwezi wa makosa, kwa sababu timu ziko katikati ya msimu na bosi anataka kujua auze wachezaji au anunue. Timu ina ushindi 6 zaidi ya hesabu, na mchambuzi mgeni anaandika "itarudi", akimaanisha itapoteza zile 6. Hapana jamani. Zile 6 zimeshaingia mfukoni, hakuna atakayekuja kuzidai. Unachotarajia ni kwamba kuanzia kesho itacheza sawasawa na rani zake, kwa hiyo Oktoba bado itakuwa na zile 6. Bahati ikiisha haikugeukii ikudai deni, inaisha tu. Nimeshaona ripoti nzuri, imeandikwa kwa bidii usiku kucha, ikaharibika kwa hilo neno moja.

Na mwaka unaofuata pia msiseme kila kilichoshuka kimeshuka kwa bahati. Miami Marlins 2023 walikuwa 33 kwa 14 kwenye mechi za rani moja, wakashinda 84 huku wamefungwa rani nyingi kuliko walizopata, na 2024 wakapoteza mechi 100. Watu wakasema mnaona, hesabu imewakamata. Kwa sehemu ndiyo, lakini pitcha wao mkuu Sandy Alcantara alikosa msimu mzima kwa upasuaji na mpigaji wao nyota Luis Arraez walimuuza mwezi Mei, hiyo ilikuwa timu nyingine. Seattle Mariners ndio kinyume chake: 2021 walishinda 90 wakiwa wamefungwa rani 51 zaidi ya walizopata, kila mtu pamoja na mimi tukawasubiri waanguke, na 2022 wakashinda 90 tena, palepale. Fungua rani za mwaka huo, 690 kwa 623. Ile bahati ya 2021 ilikuwa imeshaondoka kweli, ila timu ilikuwa imekuwa nzuri, na ukiangalia safu ya ushindi peke yake hutaona kama kuna kilichobadilika.