Bora Kiluwiluwi wa Mfongoni Kuliko Chatu wa Kukodi

Swali la wiki: Je, kuwaonyesha watoto wanyama hai kunawafanya watunze mazingira, au ni burudani tu?

Mhariri, inategemea mnyama ametoka wapi. Akiwa anaishi mahali ambapo mtoto anafika kwa miguu, onyesho linafaa. Chatu anayeletwa kwa gari na kuvishwa watoto shingoni wapigwe picha hubaki picha tu, maana jioni hiyo hakuna hata kitu kimoja ambacho mtoto wa Moshi mjini anaweza kumfanyia chatu yule. Tumbili wa kamba ndiye mbaya kabisa: anauma, na mtoto anarudi nyumbani akitaka wa kwake. Halafu kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, inayotaka kibali kabla ya kukamata au kufuga mnyamapori. Mwalimu anayesema "kesho kila mtu aje na kinyonga" anajitafutia matatizo, na vinyonga nao hawatapona.

Kwa shule za vijijini huku mlimani, anayefaa kuliko wote ni kiluwiluwi, yaani mtoto wa chura, na haondolewi kwenye mfongo wake, ule mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba ya Wachaga. Watoto wanamfuata. Darasa la wanafunzi 60 ligawe makundi ya 12, kila kundi dakika 12 ukingoni. Wengine wabaki wakichora. Wasiingie majini, kwa sababu ya kichocho. Mtu mzima achote kwa upawa mrefu. Chombo ni chupa angavu ya lita 5 iliyokatwa shingo, ikajazwa robo tatu kwa maji ya mfongo uleule. Maji ya bomba yenye klorini huua viluwiluwi. Weka watano au sita tu. Wakizidi, hewa ya majini inapungua, wanaanza kupanda juu kuvuta pumzi, na watoto wanashangilia wakidhani ni michezo. Chupa ikae kivulini, kwani juani maji machache namna hiyo hupata joto upesi. Baada ya nusu saa warudishwe palepale walipochotwa, na makundi yaliyobaki yachotewe wengine. Msiwahamishie mfongo mwingine, maana vyura hupelekeana magonjwa kwa maji.

Mtoto ainue chupa kuelekea mwanga, atazame tumbo kwa chini. Utumbo unaonekana umejikunja kama springi ya kalamu, mrefu kuliko mwili wenyewe, kwa sababu viluwiluwi wengi hula ukoga, na ukoga hauyeyuki haraka tumboni. Mkiwapata wakubwa, angalieni miguu: ya nyuma hutangulia kuonekana, ya mbele hufuata. Watoto watakuambia mkia hukatika ukaanguka. Hauanguki, mwili huunyonya taratibu ukaisha.

Sasa suala la mikono, ambalo wengi hulikosea. Kabla ya kushika chupa, mikono isuuzwe kwa maji matupu, bila sabuni. Aliyejipaka mafuta asiguse kabisa. Ngozi ya chura na kiluwiluwi hupitisha vitu vilivyo majini moja kwa moja. Sabuni ni baada ya onyesho, kwa usalama wa mtoto. Hapo ndipo mwalimu aulize: anayesuuza bomba la dawa kule juu, maji yake humfikia nani kwanza? Mrututu unaopigwa kwenye kahawa una shaba, na shaba ni sumu kwa viluwiluwi hata ikiwa kidogo. Kazi ya kupeleka nyumbani inakuwa imejileta yenyewe: bomba lisuuzwe shambani, mara tatu, na maji ya kusuuzia yanyunyiziwe kwenye mimea ileile iliyopigwa dawa, mbali na mfongo. Mtoto aliyeona utumbo ule kwenye chupa analisema hilo nyumbani kwa uchungu kuliko bango lolote la halmashauri.

Mnyama wa pili ni nyuki mdogo asiyeuma. Kinachotakiwa ni mzinga wa sanduku wenye vifuniko viwili, cha ndani cha kioo, cha juu cha mbao. Hapa pia watoto waende kwenye mzinga. Ukiubeba mchana, nyuki waliotoka kutafuta chakula wanarudi wasikute nyumba, na barabara ya makorongo hupasua vyungu vya asali, asali ikamwagika na kuzamisha watoto wa nyuki. Mbao ikiinuliwa, dakika tano zinatosha: waone vyungu vya nta, vichumba vya watoto, na mlinzi kwenye mlango wa ulimbo. Kioo chenyewe kisifunguliwe, maana harufu ya asali huita sisimizi. Miguu ya meza ya mzinga isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, na majani yasiguse meza, la sivyo makopo ni kazi bure. Nyuki hawa hawachomi ila huingia nywele na masikio, kwa hiyo mtoto mwoga avae kofia. Jambo la kuwaeleza hapo ni dawa kupigwa wakati kahawa imechanua: nyuki wanaokufa ni walewale wanaoisaidia kushika matunda.

Kinyonga nimemweka mwisho kwa sababu haguswi. Kwa Arusha, asubuhi za Juni na Julai ni baridi mno. Anakuwa mweusi, mzito, na watoto humchokoa kwa kijiti ili atembee. Mwacheni. Mtafuteni usiku, kuanzia saa mbili, kwa tochi kwenye ua wa masale au michongoma, watoto wakiwa na wazazi. Akilala hupauka, na mwanga wa tochi humtoa wazi katikati ya majani. Akivimba na kufunua kinywa, mmemkaribia kupita kiasi. Kila nyumba ihesabu vinyonga wa kwenye ua wake mara moja kwa wiki na kuandika idadi nyuma ya daftari. Ua ukifyekwa hadi chini, wiki hiyo itaandikwa sifuri, na baba aliyeshika panga ataulizwa na mtoto wake mwenyewe.