Kabla ya kununua laptopu ya CAD, nenda dukani na flashi yako

Mimi nachora kazi za mbao kwa CAD, yaani programu za kuchorea kwenye kompyuta, kisha mashine ya CNC inakata na kuchonga kwa kufuata mchoro. Laptopu yangu ya kwanza ya kazi niliinunua Kariakoo kwa sababu ya stika. Nyembamba, nyepesi, imeandikwa i7, na muuzaji akaniapia: "Bosi, hii inakula kila kitu." Wiki ya pili nikapata oda ya mlango wa mninga wenye maua ya kuchonga, mtindo wa Zanzibar. Nikaiachia programu ikokotoe njia ya kisu, yaani mapito ya kisu cha CNC juu ya mbao, ya hatua ya kumalizia, nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, iko asilimia 34, feni inalia kama bajaji inayopanda mlima, na meza chini yake imepata moto.

Kosa lilikuwa langu, sikusoma herufi ya mwisho. Prosesa ile, ubongo wa laptopu, ilikuwa i7-7500U. Hiyo U ni ya chipu za wati 15, zinazotengenezwa kutunza betri, na yangu ilikuwa na kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanya hesabu. Rafu hiyohiyo palikuwa na mashine nene, haina mvuto, ina i5-7300HQ: kori nne, wati 45. Niliiruka kwa kuwa tano ni ndogo kuliko saba! Siku hizi jina la prosesa nalisoma kuanzia nyuma, nikitafuta H.

Ila usihesabu kori peke yake. Kuchora umbo kwenye programu ya CAD kama SolidWorks, kwa sehemu kubwa, hutegemea kori moja, kwa hiyo kasi ya kori hiyo ndiyo utakayoihisi mkononi. Kori nyingi zinakuja kufaa kwenye kurenda, yaani kutoa picha ya mchoro inayofanana na kitu halisi, na kwenye baadhi ya hesabu za njia za kisu. Ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, anzia GB 16. Nane inatosha kama unakata makabati ya MDF (mbao za unga uliogandishwa) bapa, lakini ukiingia kwenye nakshi za 3D utajuta.

Kadi ya picha ndiyo inayopoteza hela za watu. SolidWorks ina orodha ya kadi na draiva ilizozithibitisha, nyingi zikiwa za kitaalamu kama Quadro. Mashine ya gemu itaifungua vizuri tu, ila usishangae ukikosa RealView, mwonekano wa SolidWorks unaofanya umbo lionekane kama halisi. Anayetumia programu nyingine kama Fusion au Aspire hana haja ya kujinyima kwa ajili ya Quadro. Na mwenye Mac aulize kwanza: Fusion na AutoCAD zina toleo lake, SolidWorks na Mastercam ni za Windows.

Kwenye mtumba angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupewa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka, kwa ujumla, kizazi cha 8 kwenda juu. Ukiona mashine nzuri kwa bei ya kutupa, mara nyingi ni ya kizazi cha 6 au 7. Mimi natafuta ThinkPad P52, ZBook 15 G5 au Precision 7530. Zote ni za 2018, nzito kama tofali, na zina nafasi nne za ramu, kwa hiyo ukipata hela unaongeza.

Sasa ile flashi. Weka humo faili lako zito kuliko yote, pamoja na programu yako. Mwombe muuzaji dakika ishirini, na akikataa, aga kwa adabu. Zungusha mchoro, kokotoa njia ya kisu, gusa sehemu ya juu ya kibodi uone joto. Halafu chomoa chaja uone kasi inashuka kiasi gani. Hapohapo soma wati zilizoandikwa kwenye chaja: mashine hizi hutaka 150 hadi 240, na nimeshauziwa moja ikiwa na chaja ya 90. Ilikuwa inawaka, inachaji kidogo kidogo, na inajipunguza kasi yenyewe. Nilihangaika na draiva mwezi mzima.

Kibodi iwe na namba upande wa kulia. Ukiandika vipimo kama 6.35 na 18 kutwa nzima utanikumbuka.

Laptopu ya kuchorea usiifanye ya kuendeshea mashine ya CNC. Niliwahi kuunganisha waya moja kwa moja, nikasahau kuzima usingizi, ikalala katikati ya mlango na kisu kikabaki kinazunguka mahali pamoja mpaka mbao ikatoa moshi. Na kuna vumbi. Siku fundi alipoifungua, alivuta kwa kibano kitu kama kipande cha blanketi la kijivu: unga wa MDF, umeshikana, una mistari ya mapezi ya kupozea. Tangu hapo laptopu inakaa chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Kinachoingia karakana ni flashi tu, nayo naifunga kwa kamba ya kiatu isipotelee kwenye maranda.