Siku tatu La Roque-Gageac na watoto

Dada, umeuliza kama siku tatu pale kijijini La Roque-Gageac, Ufaransa, na watoto mtaboeka, aisee hapana kabisa, anzeni na mto Dordogne. Kodini mtumbwi huko juu Vitrac, mteremke na maji taratibu hadi Beynac, wenye mitumbwi wanawarudisha na basi dogo so hamna haja ya kupiga kasia kupanda. Njiani mnapita chini ya nyumba zenyewe za La Roque-Gageac zilizobanana na mwamba, halafu unaona ngome ya Castelnaud na ya Beynac zinatazamana ng'ambo na ng'ambo, enzi za vita vya miaka mia moja zilikuwa pande tofauti, Waingereza na Wafaransa. Castelnaud ingieni, watoto watapenda ile mitambo mikubwa ya kurusha mawe. Mjini Sarlat nendeni Jumatano au Jumamosi asubuhi, siku ya soko, ila mapema, parking ni shida sana. Lascaux, lile pango lenye michoro ya kale, mtaona nakala tu maana pango lenyewe lilifungwa 1963, lakini nendeni, imetengenezwa vizuri mno. Tiketi kateni mtandaoni kabla hasa kama ni Agosti, na viatu vya kuingia majini msisahau, kingo za mto zina kokoto.