Kiangazi jangwani kwa gari-nyumba: tazama mwinuko kabla ya kilomita

Katika safari yangu ya kwanza ya kiangazi kwenye hifadhi za taifa za kusini-magharibi mwa Marekani, nilipanga njia kwa kuhesabu kilomita kati ya hifadhi moja na nyingine, na kosa hilo lilitunyima usingizi. Tuliegesha gari-nyumba katika kambi iliyoko bondeni, isiyo na umeme, tukiamini kwamba jua likizama joto litapungua. Halikupungua. Kuta za gari zilikuwa zimefyonza joto mchana kutwa, na usiku zikawa zinaturudishia. Betri ziliweza kuendesha feni na taa, lakini kiyoyozi cha paani kilihitaji umeme mwingi kuliko uwezo wa betri hizo, na jenereta haikuruhusiwa kunguruma saa za usiku. Alfajiri ilitukuta tumelala nje, mmoja wetu juu ya meza ya kulia.

Tangu hapo swali langu la kwanza kuhusu kambi yoyote ni kwamba iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selisiasi. Ukingo wa Bryce Canyon, Utah, uko juu ya mita 2,400, na usiku wake wa Julai unahitaji blanketi. Katika hifadhi ya Great Basin, Nevada, kambi ya Wheeler Peak iko karibu mita 3,000, ingawa barabara ya kuifikia hairuhusu magari yenye urefu unaozidi futi 24, yaani mita 7.3 hivi, na hivyo sisi tulilazimika kubaki kambi ya chini, na hata huko tulilala vizuri. Ninayoipenda kuliko zote ni Fruita, katika hifadhi ya Capitol Reef, Utah, ambayo si ya juu sana lakini imezungukwa na bustani za matunda zilizopandwa na walowezi wa Kimormoni, na kivuli chake kina thamani kuliko vifaa vyote nilivyowahi kununua. Ukilazimika kulala bonde la chini, tafuta nafasi yenye soketi ya umeme, uilipie mapema, na usihesabu gharama hiyo kuwa anasa.

Death Valley, bonde la jangwa huko California, ni suala la peke yake. Hapo Furnace Creek ndipo ilipopimwa rekodi ya dunia ya joto la hewa, nyuzi 56.7 za Selisiasi, tarehe 10 Julai 1913, na bonde la Badwater liko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Kampuni nyingi za kukodisha magari-nyumba haziruhusu gari lao lipelekwe huko kiangazi, kwa hiyo soma mkataba kabla ya kuchora njia. Mimi ningemshauri mgeni alivuke bonde hilo alfajiri, au aliache hadi majira ya baridi.

Gari lenyewe nalo huteseka. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa bado ya baridi, na uangalie umri wake, maana tairi linalosimama muda mrefu huzeeka hata kama kashata zake bado ni nzima. Letu lililopasuka barabarani lilionekana jipya kabisa. Kwenye mwinuko mrefu zima kiyoyozi cha injini, ufungue madirisha na uitazame geji ya joto. Friji inayotumia gesi hulegea sana katika joto kali, hivyo egesha gari kwa namna ambayo upande wa friji hautapigwa na jua la mchana.

Kuhusu kutembea kwa miguu, nitasema kwa ukali kidogo: kiangazi, matembezi ya mabondeni yanapaswa kwisha kabla ya saa nne asubuhi. Grand Canyon, korongo kubwa la Arizona, huwahadaa watu wengi kwa sababu ni mlima uliogeuzwa. Unaanza kwa kuteremka ukiwa na nguvu, kadiri unavyoshuka joto linaongezeka, na kazi ya kupanda inakungoja ukiwa umeshachoka. Wahifadhi wa huko huwasihi wageni wasitembee ndani ya korongo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hesabu angalau lita nne za maji kwa mtu kwa siku, lakini ule pia vitu vyenye chumvi, kwa sababu anayekunywa maji matupu kwa wingi huku jasho likimtoka huweza kupungukiwa na chumvi mwilini hadi akachanganyikiwa.

Julai hadi Septemba huleta pia mvua za radi, na mafuriko ya ghafla huweza kutokana na mvua iliyonyesha mbali, huku juu yako anga likiwa safi. Septemba 2015 watu saba walikufa ndani ya korongo jembamba la Keyhole, hifadhi ya Zion. Kabla ya kuingia korongo lolote, uliza ofisi ya wahifadhi asubuhi hiyohiyo, na wakisita, achana nalo. Ukiwa Zion, vilevile soma masharti ya sasa ya magari makubwa, kwani handaki lake lililofunguliwa mwaka 1930 lilichimbwa kwa vipimo vya magari ya zama hizo.

Mchana uliobaki hutafutiwa kivuli. Huko Great Basin tuliutumia ndani ya mapango ya Lehman, ambamo hewa hubaki karibu nyuzi 10 mwaka mzima na mgeni huingia kwa kuongozwa, baada ya kukata tiketi mapema. Tulisahau masweta garini, tukatoka tunatetemeka, na kwa mara ya kwanza katika safari ile tulisimama juani kwa hiari yetu.